Droo ya Pili na Droo ya Tatu

Waheshimiwa wasomaji, wazazi, walezi, na ninyi mliopita tu hapa kwa bahati mbaya: ninayo heshima kubwa na taadhima kutangaza kwamba siku ya Ijumaa, saa saba na robo mchana, katika chumba cha mbele cha nyumba ya dada yangu, Elimu ya Kompyuta ilipiga hatua ambayo haijawahi kupigwa. Naomba msimame kwa dakika moja.

Basi, kaeni. Hatua yenyewe ilikuwa ya kuchomoa diski mbili na kuzirudisha mahali pasipo pake, na aliyeipiga ni mimi, nikiwa na kandambili za shemeji miguuni na kipande cha mkate mdomoni.

Nianze na watu, maana si wengi. Dada yangu ndiye mwenye kazi. Anapokea kanda za zamani za watu na kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Mume wake, yaani shemeji yangu, ndiye mwenye mitambo. Ni mtu mrefu, mpole, asiyeweza kufungua mdomo bila kusema "kitaalamu". Kitaalamu, chai hii imepoa. Kitaalamu, mlango haujafungwa. Nilimpa jina la Daktari kwa sababu kila asubuhi aliinama akaweka sikio kwenye diski zake, kusikiliza kama zinapumua vizuri. Watoto wa jirani walilidaka jina lile, mtaa mzima ukawa unamwita hivyo, na yeye, maskini ya Mungu, akadhani ni heshima. Akaanza kutembea ameinua kidevu.

Mimi nilikuwa nimetoka shule ya bweni kwa likizo. Kusema kweli likizo ilikuwa haijafika, nilitangulia. Kulitokea jambo la meno ya bandia ya mlezi wa bweni na birika la chai la walimu, ambalo sitalieleza hapa kwa kuwa wahusika wengine bado wanatapika. Dada alikuja kunichukua, akanishika sikio kutoka mlango wa ofisi hadi lango la shule, na hapo langoni akaniambia:

"Sikiliza vizuri. Kioja kimoja tena, kimoja tu, na shule basi. Utakwenda kukaa na baba."

Baba yetu hapigi wala hagombi. Anakaa kitini na kuutazama ukuta, na ukikaa naye wiki moja unaanza kuutazama na wewe. Nikaahidi.

Sasa mashine. Ilikuwa moja, nyeusi, ya kimo cha kabati la viatu, na usoni ilikuwa na droo nne za diski, zimeandikwa namba kwa kalamu nene. Siku ya pili shemeji aliniita.

"Shemeji, njoo uelimike. Hii unayoiona ni kompyuta moja. Lakini ndani yake zinaishi kompyuta nyingine tatu, kompyuta pepe. Huzioni, huzishiki, ila kila moja inajiona kompyuta kamili."

"Kama wewe unavyojiona fundi kamili."

"Kitaalamu, huo ni utani," akasema, akaendelea bila kuumia. "Chukulia nyumba ya kupanga. Mashine kubwa ndiyo mwenye nyumba, kompyuta pepe ni wapangaji. Kwa kawaida mpangaji hagusi stoo. Akiwa na gunia lake, anampa mwenye nyumba, mwenye nyumba analihifadhi, na akiliomba analetewa. Ni salama, lakini ni mwendo wa kobe. Mimi nimewapa wapangaji wangu funguo. Yule anayetunza kazi za wateja ana ufunguo wa droo ya pili. Anaingia mwenyewe, anashika diski yenyewe, hakuna wa kati."

"Na mwenye nyumba?"

"Hajui kinachoendelea mle. Haulizi."

"Mpangaji akiichoma stoo?"

"Itaungua." Akacheka. "Ndiyo maana wapangaji nawachagua."

Halafu akafanya kosa ambalo ni yeye tu katika ukoo mzima angelifanya: akanipenda. Akanitengenezea kompyuta pepe yangu ya kujifunzia, akaipa ufunguo wa droo ya tatu, akaniambia nicheze humo nitakavyo, nivunje, nijenge. Hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu cha kuvunja kwa ruhusa. Ilinichosha siku ile ile.

Kulikuwa na kosa la pili. Kila diski ina namba yake ya kuzaliwa, imechapwa mgongoni, na fundi mwingine angemwambia mpangaji: shika diski yenye namba hii popote itakapokuwa. Shemeji alisema: shika droo ya pili, shika droo ya tatu. Namba zile ni ndefu na macho yake ni mabovu. Tena kila Ijumaa asubuhi alizitoa diski moja moja akazipangusa vumbi kwa kitambaa cha njano, akazirudisha, na hakuwahi kukosea. Aliniambia haya yote mwenyewe, akijisifu. Niliyahifadhi.

Mteja mkubwa wa msimu ule alikuwa mzee aliyetangaza redioni kwa miaka thelathini na mmoja. Dada anasema sauti ile ndiyo iliyomfundisha kusema vizuri; mama alikuwa akipika, redio iko dirishani, na mtu yule anazungumza kama anayekumiminia maji ya uvuguvugu mgongoni. Kisha akaugua koo. Madaktari wakakata walichokata. Sasa alipumua kupitia tundu dogo shingoni lililofunikwa kwa kitambaa cheupe, na tundu lile lilipiga mluzi. Alikuwa na daftari dogo la kuandikia maneno yake.

Nilimwita Pancha. Dada alinizaba kofi. Shemeji alitazama pembeni, lakini niliona mabega yake yakitikisika.

Alileta kanda mia tatu na kumi na mbili kwenye maboksi ya sabuni, na kila Jumatatu alipita kuona kazi imefika wapi. Alikuwa na mjukuu wa miaka mitatu ambaye alimjua babu wa mluzi tu, na siku ya kwanza aliandika kwenye daftari: "Nataka anisikie." Tatizo ni kwamba kanda zilikuwa zimeota ukungu. Kila ukanda ulichezeka mara moja tu. Ukipita mashineni, unga wa kahawia unabanduka wote, na ukanda unatoka uchi, hauna kitu. Dada alizicheza moja moja kwa wiki tisa, akianzia zile za ujana wa mzee na kushuka nazo mwaka kwa mwaka, na kila iliyokwisha ikaenda kwenye pipa. Kwa hiyo sauti ile, mabibi na mabwana, ilikuwa imebaki mahali pamoja duniani, nayo ni diski ya droo ya pili, imejaa hadi shingoni.

Ijumaa saa kumi na moja jioni mzee angekuja kujisikia kwa mara ya kwanza. Nami nilikuwa na maandalizi yangu. Shemeji akiwa bafuni huwa anapokea tuzo. Anajimwagia maji na kuhutubia: "Ahsanteni, ahsanteni sana, kitaalamu sikustahili, kwanza namshukuru mke wangu aliyeniamini." Nilimrekodi dakika sita kupitia tundu la mlango. Hotuba ile nikaiweka kwenye diski yangu, ndani ya folda yenye jina lile lile la folda ya mzee. Nikizibadilisha tu droo diski zile mbili, mpangaji wa kazi za wateja ataingia droo ya pili kama kawaida yake, asijue kaingia stoo ya jirani, na mzee atakayetega sikio kusikia ujana wake atasikia mtu anayeoga akimshukuru mke. Nilicheka peke yangu mpaka nikashika ukuta.

Saa saba na robo dada na shemeji walikuwa nyuma wanakula. Nilisema sina njaa. Nikazima mashine, nikachomoa, nikabadilisha, nikawasha. Dakika nne. Kisha nikaenda kulala usingizi wa watu wema.

Nilipoamka, saa nane na nusu hivi, shemeji alikuwa mbele ya kioo cha kompyuta, anapiga mluzi, na kiooni kulikuwa na mstari wa kijani unaotambaa.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha droo ya tatu. Ile diski yako ya kuchezea. Naiandikia sifuri, mwanzo hadi mwisho, isibaki hata harufu ya mambo yako."

"Kwa nini?"

"Nimfanyie mzee nakala ya pili. Sauti ya mtu haiwekwi mahali pamoja, shemeji. Nimeona nisingoje Jumatatu."

Mstari ulisema asilimia nne.

Mimi ni mzuri wa hesabu. Asilimia nne ya kanda mia tatu na kumi na mbili ni kanda kumi na mbili na kitu. Kumi na mbili mtu anaweza kumeza. Kulihitajika neno moja, "simamisha", na neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Hapo nikahisi vidole vya dada kwenye sikio langu, nikaliona lango la shule, nikauona ule ukuta wa baba.

"Kazi nzuri, shemeji," nikasema.

Aligeuka akanitazama. Sikuwahi kumsifia hata siku moja. Uso ulimng'aa kama wa mtoto aliyepewa kiti cha mbele.

"Kitaalamu," akasema, "nimefurahi."

Akaenda kumpigia pasi dada blauzi ya kupokelea mgeni. Nami nikakaa kwenye kibodi ya pembeni, nikaingia kwa mpangaji wa droo ya pili, nikaifuta hotuba ya bafuni pamoja na folda yake, nikafuta na kila kitu changu kilichokuwemo, ili droo ile ionekane tupu na si ya mtu. Nilipomaliza ilikuwa asilimia kumi na moja. Nikaenda kuosha vyombo.

"Unaumwa?" dada akaniuliza.

"Nimebadilika."

"Homa hiyo," akasema, lakini alinipigapiga bega.

Nilirudi chumba cha mbele mara nyingi mchana ule, na kila niliporudi namba ilikuwa imekua, kama mtoto wa watu ambaye si wewe unayemlisha. Thelathini na mbili. Hamsini na moja. Kwenye sitini na sita nilijiambia sasa hata nikisema haitasaidia kitu, na nikajisikia nafuu ya ajabu.

Mzee alifika kabla ya saa. Alikuwa amevaa koti lililopigwa brashi, viatu vinang'aa, kitambaa kipya shingoni. Kabla hajakaa aliandika, na dada akasoma kwa sauti: "Nimeoga mara mbili." Wote wakacheka. Mluzi wa shingo yake ulikwenda mbio mbio. Naye alikuwa anacheka.

Shemeji alimvisha hedifoni kwa mikono miwili, kama anayevika taji. "Mzee wangu, leo utajisikia." Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akasogeza uso karibu na kioo, kwa sababu ya macho yake.

"Hamna kitu," akasema polepole. "Folda haipo. Droo ya pili haina kitu."

Aliinama akaichomoa ile diski, akaigeuza, akasoma namba za mgongoni huku kaibandika karibu na pua. Kisha akatazama kioo cha pili, pale kwenye mstari wa kijani. Asilimia themanini na saba. Aliruka akaukatisha.

"Umefanya nini?" dada akauliza.

"Nimezichanganya. Asubuhi, nilipopangusa. Ya pili nimeirudisha mahali pa tatu." Alishika kichwa. "Nimeifuta, mke wangu."

"Usiniite mke wako mbele ya mgeni. Umefuta nini?"

"Mzee."

Dada yangu ana ulimi ambao mimi nimerithi makapi yake tu. "Wiki tisa," alisema, na hakupaza sauti. "Wiki tisa nimevuta ukungu puani. Nimekohoa damu ya kahawia. Na wewe kazi yako ilikuwa kitambaa. Kitambaa tu! Kaka zangu waliniambia, yule mwanamume ukimpa chupa atafungua upande wa kitako. Nikagombana nao kwa ajili yako. Nikawaambia hamumjui. Kumbe mimi ndiye nilikuwa simjui."

"Kitaalamu..."

"Eeh, sema. Kitaalamu nini? Wewe kitaalamu ni nini?"

Alifikiria kweli, kama swali la mtihani. "Sijui," akajibu.

Dada akachukua kile kitambaa cha njano akamtupia usoni. Kilimwangukia begani. Shemeji akakitoa, akakikunja mara nne, akakiweka mfukoni. Tangu siku ile sijamsikia tena akisema "kitaalamu". Nilikuwa nimelitamani hilo tangu siku ya harusi yao.

Alikaa akafanya kazi kwa saa nzima, jasho likidondoka kwenye kibodi, akiokota kilichobaki mkiani mwa diski. Akapata kanda thelathini na nane. Lakini kumbukeni dada alianzia ujana. Zilizobaki mwishoni zilikuwa za mwisho, za mwaka ule koo lilipoanza. Mzee akavaa hedifoni. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba sote tulisikia kilichovuja: sauti iliyokwaruza kama kiatu kwenye changarawe, inakatika, inakohoa, inasema, "Wasikilizaji, mniwie radhi," inakohoa tena.

Alisikiliza kidogo tu. Akavua hedifoni, akaziweka mezani, akazisukuma mbali kwa kidole kimoja.

Shemeji alipiga magoti. Mtu mrefu akipiga magoti anachukua nafasi kubwa. "Baba, nisamehe. Ni mimi."

Mzee alimtazama. Kisha akavuta daftari akaandika, na dada akasoma kwa sauti iliyokauka. "Unazipangusa tangu lini?"

"Miaka minane."

"Umewahi kukosea?"

"Sijawahi, baba. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Kalamu ikatembea tena, safari hii kwa muda mrefu, na katikati ya kuandika mzee aliinua macho akanitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe ambavyo hakuna aliyeviomba. Mtu aliyehoji watu miaka thelathini na mmoja ana macho ya namna yake; hayakukodolei, yanakungoja tu.

Dada akasoma. "Kijana huyu kila Jumatatu huniuliza mambo. Aliniuliza tundu langu lina kina gani na kama nzi huingia. Leo tangu nimefika hajauliza kitu. Hata kilichotokea hajauliza."

Akasoma mara ya pili, kimoyomoyo. Kisha akageuka.

Shemeji alikuwa tayari ameinuka. Alikwenda kwenye kibodi akafungua orodha ambamo mashine kubwa huandika kila inapozimwa na kuwashwa. Sikujua kama ipo. Nilidhani mwenye nyumba haulizi. Kumbe haulizi, lakini anaandika.

"Imezimwa saa saba na dakika kumi na sita," akasema. "Imewaka saa saba na dakika ishirini. Tulikuwa nyuma tunakula."

"Labda umeme," nikasema.

"Umeme gani?" dada akasema. "Feni ya chumba cha kulia ilikuwa inazunguka juu ya kichwa changu. Weka hilo sinia chini."

Nikaliweka. Vikombe vililia.

"Ni mimi," nikasema. "Nilibadilisha droo." Nikaeleza yote ya bafuni, tuzo, shukrani kwa mke. Nilipoyapanga kichwani yalikuwa ya kuchekesha sana. Shemeji alisikiliza akitazama sakafu, masikio yamemwiva, na dada, aliposikia maneno ya ile hotuba, alifumba macho. Hakunipiga. Nilisogea karibu kidogo ili iwe rahisi kunipiga, na bado hakunipiga.

"Sikujua kama atafuta," nikasema. "Haki ya Mungu, wakati nabadilisha sikujua."

Hilo lilikuwa kweli, na nilijificha nyuma yake kama mtu mnene nyuma ya mti mwembamba. Lakini shemeji, mnajua alivyo, akalishika hilo hilo.

"Ni mtoto," akamwambia dada. "Alitaka kunitania mimi. Angejuaje nitasafisha leo? Sikumwambia mtu. Kosa ni langu, nimetoa funguo kwa droo badala ya..."

Mzee akainua kidole. Akaandika taratibu, mwandiko mzuri wa darasani, akachana ukurasa. Dada alinyoosha mkono aupokee. Mzee akampita, akanipa mimi. Akaonyesha mdomo wangu. Nilitakiwa kusoma mwenyewe, kwa sauti.

"Alipokuwa anafuta," nikasoma, "ulimwona?"

Ningeweza kusema hapana. Neno hilo nilikuwa nalo, limeiva.

"Uliniambia kazi nzuri," shemeji akasema. Hakuniuliza; alikuwa anakumbuka. Furaha ya mchana ule ilikuwa inamtoka usoni kidogo kidogo, nami nikaitazama ikitoka. "Ulisimama pale nyuma yangu. Nikakuambia ni nakala ya mzee. Ukasema, kazi nzuri, shemeji."

"Nilimwona," nikasema.

Mzee akaandika maneno matatu. Ilikuwa imefika ngapi.

"Nne," nikasema. "Asilimia nne."

Dada alikaa chini. Shemeji alikuwa ameshika ukingo wa meza. Mzee akageuza ukurasa mpya, akashika kalamu akangoja, kama aliyezoea kumngoja mtu amalize. Basi nikawaambia na yaliyofuata baada ya nne: kwamba nilikaa kwenye kibodi ile pale, na nikawahi kuyafuta ya kwangu kwanza.